Mahame kama Kumbukumbu: Ufuatiliaji wa Nasaba na Makazi ya Mababu katika Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoani Mara

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna nasaba inavyoweza kufuatiliwa katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako sehemu kubwa ya historia ya familia kabla ya karne ya 20 haikuwekwa katika maandishi. Hoja yake kuu ni kwamba katika jamii za Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, babu wa kale hutambulika kwa nyumba alimozaliwa na mahali alipoishi zaidi ya anavyotambulika kwa jina lake. Makala inalinganisha hali hiyo na uzoefu wa Ayalandi, nchi ambayo nyaraka zake nyingi za kale ziliteketea mwaka 1922, kisha inajadili istilahi za nasaba, mfumo wa vizazi, ndoa ya nyumba ntobhu, masimulizi ya safari na hatima ya mahame yaliyomo ndani ya hifadhi na machimbo. Inahitimisha kwamba kupotea kwa mahame ni kupotea kwa ushahidi wa kihistoria, na kwamba uwekaji kumbukumbu wake unapaswa kufanywa kwa tahadhari, kwa kuwa nasaba katika eneo hili hutumika pia kudai ardhi.

1. Utangulizi

Mtu anayetaka kujua asili ya familia yake huanza na jina. Katika wilaya ya Tarime njia hiyo hufikia kikomo mapema. Majina kama Chacha, Mwita, Marwa, Bhoke, Ghati na Robi yamerudiwa kizazi baada ya kizazi na katika kila ukoo, kiasi kwamba kauli "babu yangu aliitwa Mwita mwana wa Chacha" yaweza kuwahusu watu wengi walioishi wakati mmoja katika maeneo mbalimbali. Desturi ya sasa ya kutumia jina la baba kama jina la pili haiondoi tatizo hili, kwani jina hilo hubadilika kila kizazi kinapobadilika.

Pamoja na hayo, wazee wa eneo hili wameweza kutofautisha mababu wenye majina yanayofanana bila daftari wala cheti. Swali linaloongoza makala hii ni hili: wanafanya hivyo kwa kutumia ushahidi gani, na ushahidi huo uko katika hali gani leo? Swali lina uzito wa kitaaluma, lakini linagusa pia mirathi, fidia na mipaka ya ardhi, mambo ambayo katika Mkoa wa Mara yamewahi kumwaga damu.

2. Funzo kutoka Ayalandi

Ayalandi imechaguliwa kwa ulinganisho kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ambayo wazao wa wahamiaji, hasa wale walioondoka wakati wa Njaa Kuu ya mwaka 1845 hadi 1852 na baada yake, hurudi kwa wingi kutafuta makazi ya mababu zao. Pili, watafutaji hao hukabiliwa na pengo kubwa la nyaraka. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la Nyaraka za Umma lililokuwa katika eneo la Four Courts mjini Dublin lililipuka na kuteketea. Sehemu kubwa ya rekodi za sensa za mwaka 1821 hadi 1851 ilipotea katika moto huo. Rekodi za sensa za miaka iliyofuata hadi 1891 zilikuwa zimeharibiwa kwa amri za serikali yenyewe, hivyo sensa kamili za mwanzo zilizosalia ni za mwaka 1901 na 1911.

Jinsi pengo hilo lilivyozibwa ndipo penye funzo. Watafiti waligeukia kumbukumbu za ardhi, hasa uthamini uliofanywa chini ya Richard Griffith kati ya mwaka 1847 na 1864, ambao uliorodhesha wapangaji wa ardhi na nyumba kwa kufuata vitongoji. Ayalandi ina vitongoji vya aina hiyo zaidi ya 60,000, vingi vikiwa na majina ya Kigaeli yanayotaja kilima, kijito au kanisa. Kwa kuwa majina kama Murphy na Kelly ni mengi mno, mtafutaji asiyejua kitongoji cha babu yake huwa hana pa kuanzia.

Tofauti kati ya Ayalandi na Mara ni kwamba huko kumbukumbu ya mahali iliandikwa na mpima ardhi, ilhali hapa ilihifadhiwa katika masimulizi na katika ardhi yenyewe. Hata hivyo, kanuni ni moja: pale majina yanapojirudia, mahali ndipo panapomtambulisha mtu.

3. Istilahi za nasaba katika Kikurya

Lugha ya Kikurya inathibitisha kanuni hiyo. Tafiti za Malcolm Ruel zilizofanyika miongoni mwa Wakurya katika miaka ya 1950 zinaonesha kwamba makundi ya nasaba hutajwa kwa maneno ya makazi. Kundi kubwa kabisa ni ikiaro, neno linalobeba kwa pamoja maana ya watu na ya nchi wanayoikalia. Ndani yake mna egesaku, neno ambalo asili yake ni mlango au lango la boma. Chini ya hapo kuna irigiha, yaani figa la jikoni. Kisha huja eeka, halafu umuchi, yaani mji wa mtu mmoja na wake zake, na mwisho inyumba, yaani nyumba ya mke mmoja na watoto wake.

Kwa mpangilio huo, anayeeleza nasaba yake huwa anamwongoza msikilizaji kutoka nchi hadi langoni, kutoka langoni hadi jikoni. Wairege, Wanyabasi, Wakira, Watimbaru, Wanyamongo, Wanchari na Waryanchoka ni majina ya watu na papo hapo ni majina ya nchi zao. Mtafiti anayechora mti wa ukoo kwa mtindo wa Ulaya, wenye majina na mistari pekee, huacha nje nusu ya maelezo aliyopewa.

Ikumbukwe pia kwamba jina "Wakurya" lenyewe, kwa maana ya watu wote wa ibiaro hizo, lilienea zaidi katika kipindi cha ukoloni. Maandishi ya awali ya Wazungu huwataja wengi wao kwa jina la Watende. Anayetafuta mababu zake katika nyaraka za Kijerumani kwa kufuata neno "Kurya" pekee atakosa kurasa zinazomhusu.

4. Hesabu ya vizazi

Kifaa cha pili cha kumtofautisha babu mmoja na mwingine ni kizazi. Katika makala yake ya mwaka 1962, Ruel alieleza kwamba kila Mkurya huzaliwa ndani ya mojawapo ya mizunguko miwili ya vizazi, kila mzunguko ukiwa na majina manne. Mmoja una Abasai, Abanyamburiti, Abagamunyere na Abamairabe. Mwingine una Abamaina, Abanyangi, Abachuma na Abangorongoro. Mtoto huingia katika kizazi kinachofuata kile cha baba yake, na baada ya vizazi vinne jina hurudi.

Mfumo huu una manufaa mahususi kwa mwanahistoria. Msimulizi akitaja majina ya mababu sita lakini majina ya vizazi vyao yasifuatane ipasavyo, kuna kiungo kilichorukwa au kuunganishwa kimakosa. Kwa hiyo, masimulizi yanabeba ndani yake njia ya kuyahakiki. Ni udhibiti ambao orodha nyingi za nasaba duniani hazina.

Udhaifu wake ni kwamba hautoi mwaka. Mwana wa mwisho wa mzee mwenye wake wengi anaweza kuwa mdogo kwa umri kuliko wajukuu wa kaka yake. Kwa sababu hiyo hesabu ya vizazi hulinganishwa na rika za tohara, ambazo huwaunganisha watu waliotahiriwa pamoja na mara nyingi hukumbukwa sambamba na tukio kama njaa, ugonjwa au vita. Tukio likijulikana mwaka wake kutoka chanzo kingine, rika hupata tarehe, na kupitia rika hiyo babu hupata kipindi chake.

5. Nyumba ntobhu na maana ya kuwa mzao

Hoja iliyotangulia inaweza kumfanya msomaji adhani kwamba nasaba ya Kikurya ni mfuatano wa damu unaosubiri kuhakikiwa. Desturi ya nyumba ntobhu inaonesha vinginevyo. Kama Rwezaura (1985) na Tobisson (1986) wanavyoeleza, mali ya familia ya Kikurya hugawanywa kwa nyumba za wake. Ng'ombe wa mahari ya binti huhesabiwa kuwa ni wa nyumba ya mama yake, na kaka wa tumbo moja huoa kwa ng'ombe hao. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume imo katika hatari ya kufungwa.

Mwanamke wa nyumba hiyo anaweza kutoa mahari na kuoa msichana kwa niaba ya nyumba yake. Msichana huyo huwa mokamona, yaani mkwe, kana kwamba ameolewa na mwana wa nyumba hiyo, ingawa mwana huyo hakuwahi kuzaliwa. Watoto atakaowapata huhesabiwa kuwa wajukuu wa mwenye nyumba, na mwanamume aliyewazaa hana dai juu yao. Hivyo, katika mti wa ukoo panakuwepo nafasi ya baba ambaye hakuishi, na nafasi hiyo ni halali kwa mujibu wa mila kwa sababu ng'ombe walitolewa.

Jambo hili lina athari mbili. Ya kwanza ni ya kimbinu: mtafiti anayekutana na baba asiye na rika ya tohara, asiye na kaburi wala masimulizi, hapaswi kuharakisha kusema kwamba kumbukumbu imekosewa. Anapaswa kuuliza habari za nyumba ya bibi. Ya pili ni ya kisheria na kijamii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kama muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakubali kipimo cha vinasaba kama ushahidi wa uzazi. Mtoto wa nyumba ntobhu anayedai shamba la bibi yake anaweza kujikuta akipimwa kwa kigezo ambacho nasaba yake haikujengwa juu yake. Vipimo vya vinasaba, ambavyo Ulaya na Marekani vimekuwa chombo maarufu cha kutafuta mababu, hapa vinaweza kumwondoa mtu katika ukoo uliomlea, uliomtahiri na uliomwozesha.

6. Safari na mahame upande wa Serengeti

Tukivuka kuelekea kusini-mashariki, katika wilaya ya Serengeti, masimulizi ya asili huchukua sura ya safari. Wanata husimulia kukutana kwa mwindaji Nyamunywa na mkulima Nyasigonko. Waikoma huelekeza asili yao Sonjo, upande wa mashariki wa mbuga, na huheshimu machaba, pembe za ndovu wanazosimulia kuzipata kwa mganga wa Kitaturu. Waisenye hutaja Nyeberekera, makazi waliyoyaacha kutokana na mashambulizi na njaa.

Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa eneo hili katika miaka ya 1990, anaonesha katika kitabu chake cha mwaka 2007 kwamba orodha za majina ya mahali ndizo mhimili wa masimulizi hayo. Mzee anaweza kusahau mpangilio wa matukio, lakini hutaja kilima, chemchemi na mto kwa kufuata njia iliyopitwa. Baadhi ya mahali hapo ni emisambwa, yaani sehemu za matambiko zinazohusishwa na roho za mababu, ambako wazao walitakiwa kurudi kutoa sadaka. Kurudi huko kuliifanya kumbukumbu ya mahali ihuishwe na kila kizazi.

Umuhimu wa mahame uliongezeka kutokana na misukosuko ya mwishoni mwa karne ya 19. Mashambulizi ya Wamasai, sotoka iliyoua ng'ombe katika miaka ya 1890, ndui na njaa viliwatawanya watu. Wengi walikimbilia Usukumani. Baadhi walirudi, wengine walibaki huko. Waliorudi walijipanga upya, na wageni waliingizwa katika koo kwa taratibu za kuwafanya wana. Kwa familia nyingi, mahame ya kabla ya mtawanyiko ndiyo kiungo pekee kati ya koo ambazo leo zina majina tofauti na zinaishi mbalimbali.

Ardhini, mahame hutambulika kwa mawe ya kusagia, mafiga, vipande vya vyungu, na majani yanayostawi kuliko ya jirani pale palipokuwa na zizi, kwa kuwa samadi ya miaka mingi hubadilisha udongo. Alama hizi ni dhaifu. Hazina maandishi, na asiyeoneshwa na mwenyeji huzipita bila kuziona.

7. Mahame yaliyofungwa

Katika karne ya 20 hatua tatu za dola zilitenganisha wazao na mahame yao. Ya kwanza ni uhifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951 na mipaka yake ilibadilishwa mwaka 1959. Mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yalitangazwa mwaka 1994. Makazi ya kale ya Waikoma, Wanata na Waisenye yakabaki ndani ya mipaka ambayo wazao wao hawawezi kuivuka bila kibali. Wakati huohuo, filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 1960, ilisaidia kueneza duniani taswira ya nyika isiyo na historia ya binadamu. Mtalii anayepita kando ya mto Grumeti huoneshwa nyumbu, haoneshwi mahame.

Ya pili ni uhamishaji wa watu vijijini kati ya mwaka 1973 na 1976. Sera hiyo ilileta shule na zahanati karibu na watu, lakini pia ilivunja mpangilio wa miji ya familia ambao ndio uliokuwa msingi wa istilahi za nasaba. Mtoto aliyekulia katika mstari wa nyumba za kijiji hakuona tena kwa macho yake kwamba egesaku ni lango.

Ya tatu ni uchimbaji mkubwa. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 katika eneo la Nyamongo, ulihitaji ardhi iliyokuwa na makazi. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaweka utaratibu wa kuhamisha makaburi pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Kaburi, hata hivyo, ni sehemu moja tu ya mahame. Zizi, jiko na lango havihamishwi, na shimo la mgodi haliachi mahali pa kurudi.

8. Nyaraka zilizoandikwa na mpaka uliozigawa

Nyaraka zilizoandikwa zipo, lakini zimetawanyika. Serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897, na Waingereza wakaendeleza kodi ya nyumba na kichwa. Kwa kuwa kila kibanda cha mke kilihesabiwa, daftari la kodi, pale lilipohifadhiwa, linaweza kuonesha idadi ya nyumba katika mji wa mtu. Kwa hiyo mtoza kodi, bila kukusudia, alikaribia kuhesabu kile ambacho Wakurya wenyewe walikihesabu. Kuna pia maandishi ya ofisa E. C. Baker kuhusu Wakurya, mkusanyiko wa Hans Cory uliopo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vitabu vya ubatizo vya misheni, zikiwemo za Wamenonaiti waliofika Shirati mwaka 1934 na mapadre wa Maryknoll walioanza kazi Musoma mwaka 1946.

Kikwazo kikubwa ni mpaka. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886 ulichora mstari hadi ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria katika latitudo ya digrii 1 kusini, ukawagawa Wairege, Wanyabasi, Wakira na Wagumbe. Kwa familia moja, nyaraka za kaka mmoja ziko Nairobi na za mwenzake ziko Dar es Salaam au Mwanza, katika majalada yenye majina ya wilaya zisizokuwepo tena, kama vile Mara Kaskazini. Masimulizi hayakuwahi kuutambua mpaka huo, na ndiyo yanayoweza kumwelekeza mtafiti jalada lipi lisomwe pamoja na lipi.

9. Nasaba kama dai

Ingekuwa upungufu wa kitaaluma kupendekeza ukusanyaji wa mahame bila kutaja hatari zake. Katika Tarime, mapigano ya koo, yakiwemo ya Wanchari na Waryanchoka katika muongo wa kwanza wa karne hii, yamehusishwa na ardhi na mifugo. Katika mazingira hayo kauli "babu yetu aliishi hapa" ni dai la umiliki. Ramani ya mahame ikitolewa bila muktadha inaweza kutumika kumfukuza jirani.

Kinga iliyopo imo katika masimulizi yenyewe yakisikilizwa kikamilifu. Kwa kuwa yanasimulia safari, yanakiri kwamba kila ukoo ulitoka mahali pengine na ulipita katika ardhi iliyokuwa na wenyewe. Yanakiri pia kwamba wageni walifanywa wana. Mahame moja mara nyingi hudaiwa na zaidi ya ukoo mmoja kwa sababu zaidi ya ukoo mmoja uliishi hapo kwa nyakati tofauti. Mtafiti anayeandika jina la ukoo mmoja pekee juu ya kilima huwa amechagua upande katika mgogoro, hata asipokusudia.

10. Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonesha kwamba ufuatiliaji wa nasaba katika Tarime na Serengeti hutegemea mambo manne yanayosomwa pamoja: nyumba, kizazi, rika na mahali. Jina peke yake halitoshi, na damu peke yake haitoshi. Mahame yana nafasi ya pekee kwa sababu ndiyo yanayounganisha mambo hayo manne na ardhi inayoweza kuonwa na kupimwa.

Kutokana na hayo, makala inapendekeza yafuatayo. Kwanza, masimulizi ya nasaba yanapokusanywa, mahali patajwe na pafikiwe pamoja na msimulizi, na madai ya koo zote zinazohusika yaandikwe kwa pamoja. Pili, mamlaka za hifadhi na halmashauri za wilaya ziweke utaratibu wa kuwawezesha wazee kuingia katika mahame na emisambwa yaliyomo ndani ya mipaka. Tatu, tathmini za ardhi kabla ya uchimbaji zihesabu mahame yote, badala ya kuishia kwenye makaburi. Nne, mabaraza na mahakama zinazoshughulikia mirathi zizingatie kwamba uzao katika nyumba ntobhu ni uhusiano unaothibitishwa na mahari na malezi, na kwamba kipimo cha vinasaba hakijibu swali hilo.

Ayalandi ilipoteza nyaraka zake kwa moto wa siku moja na imetumia zaidi ya miaka 100 kuzitafutia mbadala. Mara inapoteza za kwake taratibu, kwa kila mzee anayefariki kabla ya kuwaonesha wajukuu wake lilipokuwa lango. Wazee waliozaliwa kabla ya uhamisho wa vijijini bado wapo, ingawa ni wachache, na kazi ya kwenda nao kwenye mahame inapaswa kufanyika wakati wangali na nguvu za kutembea.